Siku moja Düsseldorf kwenye maonyesho ya wazamiaji, na ombi langu kwa watu wa pwani

MwanaChole:

Wakuu habari za jioni, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande maana niko zamu ya usiku.

Mimi kwetu Mafia. Miaka tisa nimefanya kazi ya kupeleka wageni kuzamia ghuba ya Chole kabla maisha hayajanileta Uholanzi, hapa Arnhem, karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani. Bahari sijaiacha. Huku nazamia Zeeland, kwenye maji ya Oosterschelde yenye baridi ya kuuma meno. Mwezi wa tano ngisi wanakuja kutaga pale na mimi nakwenda kuwatazama.

Kila Januari wenzangu wa klabu walikuwa wakiongelea "boot" ya Düsseldorf. Boot ni Kijerumani, maana yake mashua. Ni maonyesho ya vyombo na michezo ya majini, yalianza 1969, na sasa yanajaza kumbi 16: waoneshaji wapatao 1,500 kutoka nchi zaidi ya 60, na watu zaidi ya 200,000 kwa siku tisa. Aliyezoea Sabasaba aichukulie Sabasaba nzima imefunikwa paa, na kila banda linauza kitu cha majini. Januari 2025 nikaomba ruhusa ya siku moja kazini, Jumanne, nikaenda.

Safari yenyewe ni nyepesi. Treni ya RE19 inatoka Arnhem, inapita Emmerich, Wesel, Oberhausen na Duisburg mpaka Düsseldorf, hakuna kubadilisha. Ila Emmerich walipanda polisi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo ndugu zangu mnaoishi huku msiache pasipoti nyumbani mkidhani kibali cha ukaazi peke yake kinatosha. Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa na picha tu ya kibali chake kwenye simu, wakashuka naye. Ukifika stesheni kuu unapanda tramu ya U78 inakushusha mlangoni pa maonyesho. Tiketi nunua mtandaoni kabla hujaondoka, mlangoni ni ghali zaidi.

Nangoja mgonjwa mmoja atulie, nitaendelea.

KaskaziWatamu:

Kaka tupo, mwaga mambo. Sisi huku Watamu ndiyo msimu, maji ni kioo.

MwanaChole:

Naendelea.

Tukiwa Duisburg mzee mmoja niliyekaa naye, ana begi la mapezi kama langu, akaniambia yeye anafanya mazoezi hapo hapo mjini kwenye tangi la gesi. Nikadhani sijamsikia vizuri. Kumbe ni kweli: kiwanda cha chuma kilifungwa, na tangi lake la kuhifadhia gesi likajazwa maji. Upana mita 45, kina mita 13, lita milioni 21 hivi. Ndani wamezamisha vitu ili watu wapate cha kutazama. Mji hauna bahari, lakini watu wanafunzwa humo mwaka mzima, halafu wanakwenda Misri, Maldives, Indonesia, na kwetu. Nilikaa kimya mpaka Düsseldorf. Nilikuwa nawawaza vijana wa Jibondo, ambao mwamba wa matumbawe uko hatua chache kutoka mlangoni kwao na bado hawajawahi kuvaa mtungi wa hewa hata siku moja.

Wazamiaji wamepewa ukumbi wa 11 na wa 12. Boti za mabilioni sikuziangalia. Kuanzia saa nne asubuhi wanapofungua mpaka saa kumi na mbili jioni wanapofunga nilikuwa humo humo.

Kitu cha kwanza unachokutana nacho ni bwawa la kuzamia lililojengwa ndani ya ukumbi, lina madirisha, watu wamejipanga nje wanatazama waliomo ndani. Nilimwona mtoto wa kama miaka kumi anapewa mtungi kwa mara ya kwanza. Alipopumua ile pumzi ya kwanza chini ya maji alifungua macho mpaka yakajaa maski nzima. Ile sura naijua. Nimeiona kwa wageni mia kadhaa pale Chole, na sijawahi kuichoka.

Zaidi ya bwawa kuna mabanda ya safari. Nikazunguka mpaka nikasimama. Ukuta mzima ni picha ya papa potwe (wa Kenya mnamwita papa shilingi kwa yale madoa), na chini yake jina la Mafia. Nikamwuliza muuzaji, huyu mnampata miezi gani? Akajibu vizuri, Oktoba mpaka Februari hivi. Nikamwuliza, na nani anawapeleka wageni majini? Akasema "wenyeji". Basi. Hoteli ilikuwa na jina, ndege ilikuwa na jina, hata aina ya hema ilitajwa. Wenyeji hawakuwa na jina.

Mimi nawajua hao wenyeji. Ni watu wa Kilindoni wanaotazama maji yalivyogeuka rangi kwa uduvi wakajua potwe atapita wapi. Muuzaji hakuwa mtu mbaya, alinipa kahawa na tukaongea nusu saa. Nilipomwambia nimetokea huko alifurahi kweli, akaanza kuandika. Lakini wakuu, Januari ni kaskazi. Maonyesho yanafanyika siku zile zile ambazo wenye kazi wako majini na wageni. Wanaofika Düsseldorf kutusemea ni watu wasiokuwa na kazi ya kuzamia siku hiyo. Hilo nililiona pale, na sijalimaliza kichwani mpaka leo.

MsukaJarife:

Mkuu samahani nitakukatisha, kuna kitu kimenigusa. Unasema vijana hawajavaa mtungi. Kwetu Pemba wamevaa, lakini si kwa starehe, ni majongoo. Kaka yangu tumbo moja alikuwa anazamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya tajiri. Mitungi minne, mitano kwa siku, kina hatukijui, saa hakuna. Siku moja alipanda akasema mabega yanamuuma. Akanywa chai, akalala. Alfajiri miguu haikuwepo. Tukasema ni shetani la bahari, tukampeleka kwa mganga, siku nne tukahangaika naye. Leo anatembea na fimbo mbili. Hiki unachokisema wewe cha maonyesho kina msaada gani kwa mtu kama huyo?

MwanaChole:

Pole sana ndugu yangu, na umpe pole kaka. Kilichompata kina jina na kina sababu, na nimekuwa nikitaka mtu alieleze hili kwa Kiswahili kila mtu aelewe.

Mzamiaji anavuta hewa ya kawaida, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni. Ukiwa chini, shinikizo la maji linaifanya naitrojeni iingie kwenye damu na nyama za mwili. Kadiri unavyokwenda kina na kukaa, ndivyo inavyoingia zaidi. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi, kimyakimya. Ukipanda haraka, au ukirudi chini mara nyingi bila kupumzika, inatoka kama mapovu ya soda unapofungua chupa, lakini humo humo mwilini. Povu likikaa kwenye kiungo, bega linauma. Likifika uti wa mgongo, miguu inapotea. Shetani hayumo.

Dalili ikitokea: mpe oksijeni safi mara moja, mlaze, mpe maji ya kunywa kama yuko macho, na mkimbize hospitali aunganishwe na chumba cha shinikizo, kile cha kuyayeyusha mapovu mwilini. Asirudishwe majini kwa imani kwamba atapata nafuu. Kila saa ina thamani yake. Na asipande ndege. Hata mzamiaji mzima aliyezamia siku kadhaa mfululizo anashauriwa angoje angalau saa 18 kabla ya kupaa.

Sasa maonyesho yana msaada gani: pale ukumbini nilisimama banda la DAN Europe, wale wanaoshughulika na usalama wa wazamiaji tangu 1983. Mezani kulikuwa na sanduku la oksijeni, mtungi mdogo, barakoa na mpira wake, kitu cha kubebwa kwa mkono mmoja. Nililifungua na kulifunga mara tatu. Tajiri aliyekuwa akinunua majongoo ya kaka yako alishindwa kuweka sanduku kama hilo na saa moja ya kina kwenye boti?

MsukaJarife:

Hakuwa nalo. Na mpaka leo hana, vijana wanaendelea. Nimekuelewa mkuu. Hayo maelezo nayatoa hivi hivi nayapeleka diko, nitamsomea kila mtu.

DadaNungwi:

Assalaam aleikum. Mimi ni mkufunzi wa kuzamia Unguja, nina miaka sita kwenye kazi. MsukaJarife, Mungu ampe kaka nguvu.

Naongezea kwa vijana wanaosoma, msiogope hesabu. Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18, kinachofuata mita 30, na mzamiaji wa starehe hapiti 40 hata awe hodari vipi. Udaivmasta, yaani uongozi wa wazamiaji, wa PADI (shirika la mafunzo ya kuzamia) unauanza ukiwa na mizamio 40 na kuumaliza na 60. Ukufunzi unataka mizamio 100 na uwe umeshakuwa mzamiaji mwenye cheti kwa miezi sita. Kijana wa Nungwi anayefanya kazi ya boti anaifikisha 100 msimu mmoja tu. Kinachomzuia ni ada na Kiingereza cha mtihani. Uwezo majini anao. Mimi nililipa kwa miaka mitatu, mshahara ukikatwa kidogo kidogo. Mama yangu hakulala usiku ule nilipoanza kuvaa weti suti, alidhani nimepotea. Sasa ananiuliza leo umewaona kasa wangapi.

MwanaChole:

Dada shikamoo, maana kwenye kazi hii wewe ni mkubwa wangu. Nilikaribia kufika huko nikaishia udaivmasta.

Nakuja kwenye kitu ambacho ndicho kimenifanya nifungue uzi huu.

Ukumbi wa 12, nyuma kidogo, kulikuwa na meza ya fundi. Mzee, miwani imeshuka puani, anafanya sevisi ya regyuleta, kile kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi, mbele ya watu. Alifungua kile kichwa kinachofungwa kwenye mtungi, akaingiza kijiti cha shaba, si cha chuma, ili asikwaruze ndani, akakivuta kioringi cheusi, kile kipete cha mpira kinachozuia hewa isivuje. Akaona ninavyoangalia, akaniwekea kiganjani. Kidogo kuliko pete ya mtoto. Oringi nzima ni ya mviringo kila unapoigusa, hii ilikuwa imelalia upande mmoja, bapa, na nilipoikunja nikaona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Akanionyesha mpya pembeni yake. Akasema, kwa Kiingereza cha polepole, tofauti ya hizi mbili ni mtu kurudi nyumbani.

Wakuu, mikono ilinitetemeka. Nilipofanya kazi zamani, sitaji ni wapi, tulikuwa na regyuleta zilizopita miaka minne bila kufunguliwa. Kile kichujio kinachopokea hewa ya mtungi kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Siku moja niko mita 22 na wageni wawili, mke na mume, regyuleta yangu ikaanza kumwaga hewa yenyewe. Mapovu yananipiga usoni, sioni, geji ya hewa nikaitazama ikiwa baa 120, nikaitazama tena iko 70. Niliwaonyesha wageni kidole gumba, tukapanda pamoja, mimi nang'ata ile raba na kuvuta ninachoweza katika kile kinachomwagika. Tulifika juu geji ikiwa 20. Wale wageni walinishukuru jioni kwa "mzamio mzuri", hawakujua. Nilipotoa taarifa nikaambiwa vipuri vimeagizwa. Vilifika baada ya miezi mitatu, na fundi wa kuvifunga hakuwepo, ikabidi vyombo visafirishwe nje ya nchi.

Pale mezani nikamwuliza yule mzee ilimchukua muda gani kujifunza. Akasema kozi ya kila kiwanda ni siku moja au mbili, kinachobaki ni mikono kuzoea. Siku mbili! Nikaenda banda la kiwanda chenyewe nikauliza mtu wa kwetu anaingiaje. Wakanijibu wazi: hawamchukui mtu mmoja mmoja kutoka barabarani, lazima jina liletwe na duka au kituo cha kuzamia kinachotumia vyombo vyao.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye vituo, kuanzia Watamu na Diani mpaka Pemba, Unguja, Mafia na Mtwara. Mnao vijana waliokaa kwenu miaka kumi, wanaobeba mitungi, wanaosuuza vyombo kila jioni, wanaojua kila regyuleta kwa sauti yake. Pelekeni jina la mmoja wao. Msilete fundi wa kupita anayekuja na wageni na kuondoka na wageni.

Mkweli_Daima:

Mleta uzi, kwa heshima zote. Huu ni mchezo wa wageni wenye pesa. Mvuvi wa Mafia anahitaji injini na nyavu, na bei nzuri ya pweza. Mambo ya oringi yatamlisha nani?

MwanaChole:

Mkuu, hoja yako naiheshimu, baba yangu ni mvuvi. Lakini Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, na watu wetu wengi walizuiwa sehemu walizovua kwa ahadi kwamba utalii utawalipa. Wameshatoa gharama. Kama ahadi ile inaishia kwenye kubeba mitungi, basi walitoa bure. Fundi mmoja wa regyuleta Kilindoni angefanya sevisi ya vituo vyote vya kisiwa, na ile pesa inayopanda ndege kwenda nje ingebaki sokoni kwa kina mama wanaouza mihogo. Hiyo ndiyo itamlisha mtu.

Mkweli_Daima:

Hapo kwenye pesa kupanda ndege nimekusikia. Endelea.

BintiChumbageni:

Mjomba, mimi nauliza la kwetu Tanga. Silikanti, yule samaki wa kale, alikuwepo kwenye hizo picha? Tangu tuambiwe ana hifadhi yake mwaka 2009 sijaonana na mtu aliyemwona hai. Wavuvi wa jarife wanamtoa akiwa amekufa.

MwanaChole:

Mwanangu, hutaonana naye kirahisi, anakaa chini ya kina cha mizamio yetu ya kawaida. Afrika Kusini, Sodwana, wazamiaji walimkuta hai mwaka 2000 kina cha zaidi ya mita 100, kwa gesi za kuchanganya na mafunzo ya miaka. Ukumbini niliviona vyombo vya wazamiaji wa namna hiyo, mtambo unaosafisha pumzi yako na kukurudishia, karibu hautoi mapovu. Mimi hata sijaugusa. Yule wa Tanga mwacheni huko chini, kazi yenu ni jarife zisifike kwake.

Shehe_Muttrah:

Salaam kutoka Maskati. Sisi huku tunazamia Visiwa vya Daymaniyat, hifadhi tangu 1996, kasa ng'amba tele. Kwa safari kama yako sisi huenda Dubai, maonyesho ya boti ya kule yamekuwa yakitenga eneo la wazamiaji, unaondoka na gari alfajiri na usiku uko nyumbani. Swali langu: nina mpwa anakuja Ulaya, nataka aninunulie regyuleta nimpelekee kijana wetu Makunduchi. Anunue ya aina gani?

MwanaChole:

Shehe wangu, hapa uwe makini, kuna mtego nimeuona kwa macho yangu.

Wajerumani wanatumia vichwa vya kuskrubu, vinaitwa DIN. Vituo vingi vya kwetu mitungi yake inafungwa kwa kibanio cha kubana kwa juu. Nunua ya DIN pamoja na adapta ya kubana, utafunga kokote. Lakini angalia nyuzi za skrubu: hewa ya kawaida ni G5/8. Ulaya kuna nyingine, M26, imewekwa kwa ajili ya naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni. Ni nene zaidi, haiingii kwenye mtungi wa kawaida hata uilazimishe. Niliona moja imepunguzwa bei sana, inang'aa, mtu asiyejua angeibeba mbiombio. Kijana wa Makunduchi angebaki ameiweka kabatini.

Jambo la pili, aulize kabla ya kulipa kama vipuri vya sevisi vinauzwa kwa mtu binafsi. Kama hawauzi, aachane nayo hata iwe nzuri vipi.

La tatu, kama mpwa anaishi nje ya Umoja wa Ulaya, anaweza kudai kodi ya mauzo akiondoka, Ujerumani ni asilimia 19, kwa risiti inayozidi euro 50. Awaombe fomu dukani na apige muhuri forodhani kabla ya kukabidhi begi. Mimi mkaazi sikuweza.

KaskaziWatamu:

Kaka, na wewe mwenyewe ulirudi na nini?

MwanaChole:

Sikununua kikubwa. Raba za kung'ata ishirini, mikanda ya maski kumi, kijiti kimoja cha shaba, na pakiti ya oringi za aina mbalimbali. Na ile mbovu. Yule mzee aliniachia, iko kwenye pochi yangu sasa hivi.

Treni ya kurudi ilikuwa imejaa watu wenye mifuko ya mapezi, wengi wamelala. Nilifika nyumbani saa nne na nusu usiku, nikampigia rafiki yangu Mafia, kwao ilikuwa saa sita na nusu, akapokea kwa sauti ya mtu anayeota. Nikamwambia kesho kabla hujaenda majini geuza regyuleta zote, nisomee maandishi yaliyochongwa kwenye kichwa. Aliniamkia na orodha ya kumi na moja. Tano kati ya hizo ni za kile kiwanda nilichoongea nacho, na mwenye kituo amekubali kuandika barua ya kupeleka jina la rafiki yangu. Tunasubiri majibu.

Kwa hiyo dada wa Nungwi, na wewe KaskaziWatamu, nifanyieni hivyo hivyo. Aina, namba ya toleo, na mwaka wa sevisi ya mwisho kama unajulikana. Nikiwa na orodha ya pwani nzima nitaandika barua moja badala ya kumi.

DadaNungwi:

Tunazo kumi na nne. Sita zina karatasi ya sevisi, nane hazina. Kesho ni bamvua, maji yakitoka boti zinakaa mchangani mpaka saa nane, nitakaa na vijana tuzisafishe kwa mswaki na nikupigie picha moja moja.